Hodi Hodi ya Kalsiamu

Haya, sogeeni. Asha ameuliza swali, na sitaki lipotee. Darasani wamefundishwa kwamba dagaa na maziwa vina kalsiamu, na kalsiamu hujenga mifupa. Wenzake wakaandika, wakafunga madaftari. Asha hakufunga. Amekuja nalo hadi kwangu: "Mjomba, kalsiamu ikishaingia kwenye mfupa, kazi yake imekwisha?"

Umeuliza vizuri, mwanangu. Umeuliza vizuri sana.

Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili wako imo kwenye mifupa na meno. Hiyo kwa sehemu kubwa imetulia. Lakini ile asilimia 1 iliyobaki haitulii hata kidogo. Inazunguka kwenye damu, inapita kati ya seli na seli, na inabisha hodi. Ikibisha hodi, ndani ya seli wenyeji wanaamka, na jeni zilizokuwa kimya zinaanza kazi. Kwa maoni yangu hii asilimia 1 ndiyo yenye hadithi. Mifupa itatusubiri.

Tuseme seli ni nyumba. Siyo ghorofa la mjini, ni nyumba yetu hii hii. Ina mlango, ina ua, na ina chumba cha ndani ambacho si kila mtu anaingia. Kwenye chumba hicho kuna sanduku, na sandukuni kuna daftari la mapishi la bibi. Daftari ndiyo DNA. Pishi moja ndiyo jeni moja. Daftari la binadamu lina mapishi kama 20,000 ya kutengeneza protini, na protini ndizo zinazofanya karibu kazi zote za nyumba: kufungua mlango, kubeba, kujenga, kubomoa, kusafisha.

"Mjomba, nyumba ya ngozi na nyumba ya ubongo zina madaftari tofauti?"

Hapana. Daftari ni lile lile, neno kwa neno. Tofauti ni kurasa zipi zimefunguliwa leo na zipi zimefunikwa. Kwenye ngozi yako pishi la kumbukumbu lipo, ila hakuna anayelipika.

Basi nani anaamua ukurasa upi ufunguliwe? Hapo ndipo Kalsiamu anapoingia. Au tuseme, hapo ndipo anapokatazwa kuingia, kwa sababu kila nyumba ya mwili wako inamfungia mlango. Nje ya seli Kalsiamu ni wengi. Uani, ukipima wale walio huru kutembea, ni wachache mno: kwa kila mmoja aliye ndani, wapo kama 10,000 nje. Mlangoni kuna pampu zinazomtoa, usiku na mchana, na seli hulipia kazi hiyo kwa nishati yake yenyewe.

"Kwa nini wanamchukia?"

Hawamchukii. Wanamwogopa kidogo. Kalsiamu anapenda kushikana na fosfeti, na wakishikana wengi wanaganda kuwa kitu kigumu. Kwenye mfupa ndicho tunachokitaka. Uani hatukitaki, maana fosfeti inahitajika kila dakika kwa shughuli za nishati. Nani anataka ua wake ugeuke mfupa?

Lakini angalieni jambo hili, wanangu, maana hapa ndipo palipo na werevu. Ua ukijaa wageni, akiongezeka mmoja nani atamwona? Hakuna. Ua ukiwa mtupu, akiingia mmoja kila mtu anageuka kutazama. Kwa kumfungia nje, seli imemfanya Kalsiamu awe habari. Lango likifunguliwa kidogo tu, kwa sehemu ndogo ya sekunde, ua mzima unajua kwamba kuna jambo.

"Mmejuaje kwamba anaingia? Mlimwona?"

Umeuliza vizuri, Juma. Mtu asiyeuliza "mmejuaje" atauziwa mbuzi kwenye gunia. Kalsiamu haonekani kwa macho, hata kwa darubini ya shule. Aliyetusaidia kwanza ni yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini ambaye aina zake nyingine huwasha ukizigusa. Mwaka 1961 Osamu Shimomura, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alikwenda Friday Harbor, kwenye jimbo la Washington, kutafuta kinachomfanya yavuyavu mmoja wa huko atoe mwanga. Alikamua maji yake, akayachuja, akahangaika nayo. Siku moja akamwaga mabaki kwenye sinki. Sinki likawaka buluu! Humo sinkini yalikuwa yakiingia maji ya bahari kutoka kwenye matangi ya samaki, na maji ya bahari yana kalsiamu. Protini ya yavuyavu ilikuwa imekutana na Kalsiamu, ikawaka.

Wataalamu walipoipata protini hiyo, iitwayo ekworini, waliweza kuiingiza ndani ya seli na kungoja. Kalsiamu akiingia, mwanga. Akitoka, giza. Mwaka 1985 kundi la Roger Tsien kule California likatoa rangi maalumu za kemikali ambazo nazo hubadilika zikimkamata Kalsiamu, na kazi ikawa rahisi zaidi. Shimomura na Tsien wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008, tena kwa protini nyingine ya yavuyavu yule yule. Mnyama asiye na mfupa hata mmoja ndiye aliyetufundisha habari za kalsiamu.

Turudi nyumbani. Mgeni amepita mlangoni, yuko uani. Je, anakwenda mwenyewe hadi chumbani, anafungua sanduku, anasoma daftari?

La. Kalsiamu hajui kusoma. Ni chembe moja tu yenye chaji ya umeme. Hana mdomo wa kueleza kilichomleta. Lazima wawepo wenyeji wa kumpokea, wanaomtambua kwa kumshika. Hao ni protini zinazohisi kalsiamu, na mkubwa wao ni huyu hapa. Mwacheni ajitambulishe.

"Naitwa Kalmodulini. Mimi ni mdogo, nimeungwa kwa vipande 148 tu vya asidi amino. Nina mikono minne, na kila mkono unashika Kalsiamu mmoja. Mikono ikiwa mitupu sina kazi. Ikijaa, mwili wangu unageuka umbo, nakumbatia protini mwenzangu, naye anaamka. Ndiyo kazi yangu: kushika, kugeuka, kukumbatia."

Haya maneno ya mikono sikuyatunga mimi. Mwaka 1973 Robert Kretsinger wa Marekani alikuwa akichunguza protini nyingine ya jamii hii, ya msuli wa samaki, na umbo la mahali inapomshikia Kalsiamu likamkumbusha mkono wenye kidole na gumba vilivyonyooshwa. Wataalamu mpaka leo wanapaita mkono.

Na Kalmodulini huyu ni wa zamani na hafanyiwi mzaha. Wa kuku, wa ng'ombe na wako wewe, vipande vyote 148 vinafuatana sawasawa, hakuna hata kimoja kilichobadilika. Tena kwenye daftari la binadamu pishi lake limeandikwa mara 3, kwenye kurasa zilizo mbalimbali, na yote matatu yanatoa Kalmodulini yule yule. Bibi hakutaka lipotee.

Nani basi anaamshwa na Kalmodulini? Wengi. Kwenye seli za ubongo anaamsha vimeng'enya, na kimoja kati yao kinafanya kazi ndani ya chumba chenyewe. Kimeng'enya hicho kinambandika fosfeti protini aitwaye CREB, ambaye tayari yuko juu ya daftari anangoja. CREB akishabandikwa alama hiyo, wasomaji wanakusanyika na ukurasa unaanza kunakiliwa. Mwaka 1994 watafiti kule Cold Spring Harbor, Marekani, waliwapima panya wa maabara waliokosa sehemu kubwa ya CREB. Panya wale walijifunza vizuri, na baada ya muda mfupi walikuwa bado wanakumbuka. Kesho yake, wamesahau. Kwa hiyo ukikumbuka wiki ijayo nilichokwambia leo, ujue kuna Kalsiamu alibisha hodi, na kuna kurasa zilifunguliwa.

Kwenye seli za kinga, zile ziitwazo seli T, mambo huenda kwa njia nyingine. Huko kuna NFAT, protini ambaye hukaa uani amebandikwa fosfeti nyingi, na akiwa hivyo haruhusiwi chumbani. Kalsiamu akiingia, Kalmodulini anamwamsha Kalsineurini, na Kalsineurini anambandua zile fosfeti. NFAT anaingia chumbani mbio, anafungua kurasa za kupambana na maradhi.

"Ina maana ukimzuia Kalsineurini, kinga inalala?"

Mwanangu! Hilo swali lina thamani ya mamilioni ya fedha. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni moja ya dawa ya Uswisi alikuwa likizoni Norwei, akachota udongo kidogo, akarudi nao kazini. Kwenye udongo ule kulikuwa na kuvu, na kuvu yule alitoa dawa ya siklosporini. Kuanzia miaka ya 1980 dawa hiyo iliwasaidia watu waliopandikizwa figo, maana inaituliza kinga isiishambulie figo ya mgeni. Madaktari waliitumia kwa miaka bila kujua inaituliza kinga kwa kumzuia nani hasa. Mwaka 1991 ndipo ikajulikana: inamzuia Kalsineurini. NFAT anabaki uani na fosfeti zake, ukurasa haufunguliwi, figo inasalimika.

Sasa nasikia mnong'ono huko nyuma. Sema kwa sauti, mwanangu, hapa hakuna swali la aibu.

"Kama Kalsiamu ni yule yule, na Kalmodulini ni yule yule, nyumba inajuaje ni ukurasa upi?"

Ahaa! Watu wazima wenye koti jeupe waliumiza kichwa juu ya hilo. Jibu la kwanza ni kwamba wenyeji hutofautiana nyumba na nyumba. Jibu la pili napenda zaidi: hodi nazo hutofautiana. Wewe mwenyewe hujui, bila kufungua mlango, kama aliyebisha ni jirani aliyekuja kuomba chumvi au ni mtu mwenye haraka? Unajua kwa namna anavyobisha. Hodi... kimya... hodi. Au hodihodihodihodi!

Mwaka 1998 watafiti wa Stanford waliwafanyia seli T hivyo hivyo. Waliwaingiza Kalsiamu kwa vipindi walivyopanga wao, mara kwa haraka, mara kwa polepole, kisha wakatazama kurasa. Hodi za haraka ziliwaamsha wote, NFAT na mwenzake aitwaye NF-kB. Hodi za mbalimbali zilimwamsha NF-kB peke yake. Kwa nini? Kwa sababu NFAT hana subira. Kalsiamu akitoka tu, anabandikwa fosfeti zake upya, anarudishwa uani. Bila hodi za kufuatana hakai chumbani. NF-kB, akishaingia, anakawia. Mgeni mmoja, mlango mmoja, na hodi imechagua ukurasa.

Hao wote niliowataja wanafanana kwa jambo moja. Kalsiamu akija, wanaamka. Nimemweka wa mwisho yule ninayempenda kuliko wote, kwa sababu yeye Kalsiamu akija, anaachia. Anaitwa DREAM. Haya, DREAM, zungumza na watoto.

"Mimi sikai uani. Mimi niko chumbani, nimelala juu ya ukurasa. Siko peke yangu, tuko wanne tumeshikana. Ukurasa tulioulalia ni wa pishi la dainofini. Tukiwa juu yake, hausomeki. Msomaji anakuja, anatukuta, anarudi. Kesho anakuja tena, anatukuta, anarudi."

"Kumbe wewe ni mvivu!"

"Mvivu? Nani angezuia pishi lisipikwe bila sababu? Kulala kwangu ndiyo kazi yangu. Lakini nami nina mikono kama ya Kalmodulini. Kalsiamu akifika hadi chumbani, akanishika mikono, mwili wangu unageuka. Nalegea. Naachia. Ukurasa unabaki wazi, na msomaji anasoma."

Asante, DREAM. Mnajua ni pishi gani hilo la dainofini? Juzi mmoja wenu alijigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti, sisemi nani. Habari ya maumivu ilipanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo. Kule kuna seli zinazoipokea habari na kuipeleka ubongoni. Zinapopokea habari nyingi, malango yao yanafunguka, Kalsiamu anamiminika. Na dainofini ni kituliza maumivu ambacho mwili unajipikia wenyewe. Imo kwenye ukoo mmoja wa kazi na mofini, ile dawa kali ya hospitali. Mnaona mzunguko wake? Maumivu yanamleta Kalsiamu, Kalsiamu anamlegeza DREAM, ukurasa unasomeka, na kinachopikwa kinayapunguza maumivu. Msidhani tu kwamba inatokea kabla hujamaliza kulia. Kusoma ukurasa, kunakili, kupika na kupakua huchukua muda. Dakika ile ya kizingiti unapiga kelele kama kawaida.

DREAM alielezwa mwaka 1999 na kundi la José Naranjo, kule Madrid. Kabla ya hapo protini zilizojulikana kuhisi kalsiamu zilikuwa zikipeleka habari kwa wengine, na hao wengine ndio waligusa daftari. Huyu anafanya yote mawili: mkono mmoja kwa Kalsiamu, mwili juu ya DNA. Hana mjumbe wa kati.

Miaka 3 baadaye, mwaka 2002, watafiti kule Toronto, Kanada, wakatoa habari za panya waliozaliwa bila DREAM kabisa. Ukurasa wa dainofini haukuwa na wa kuulalia. Uti wa mgongo wa panya wale ulikuwa na dainofini zaidi, nao waliumia kidogo kuliko wenzao: kwa joto, kwa kubanwa, kwa uvimbe, hata kwa mshipa wa fahamu ulioumizwa. Na katika vipimo vile hawakuonekana wazubaifu. Walitembea sawa, walijifunza sawa.

"Mjomba, basi tumtoe DREAM kwa watu wote! Tusiumwe tena!"

Nilijua mtasema hivyo. Kampuni za dawa nazo zingependa kusema hivyo. Ngojeni kwanza niwaambie kitu kimoja kuhusu huyu bwana, kisha mwamue wenyewe.

Mwaka 1998, kabla ya Madrid, watafiti wengine waliokuwa wakichunguza ugonjwa wa Alzheimer, ule unaowasahaulisha wazee, walikuta protini inayoshikana na protini mbili zinazohusika na ugonjwa huo. Wakaiita kalsenilini. Mwaka 2000 wengine tena, waliokuwa wakichunguza malango ya potasiamu kwenye seli za ubongo, wakakuta protini inayokaa langoni na kurekebisha jinsi linavyofanya kazi. Wakaiita KChIP3. Halafu watu wakalinganisha vipande, kimoja kimoja. DREAM, kalsenilini, KChIP3. Ni mtu mmoja! Chumbani analalia daftari. Uani anashikana na wale wa Alzheimer. Mlangoni anasimamia lango la potasiamu. Makundi 3 ya wataalamu yalimgusa kila moja upande wake, kila moja likampa jina.

Sasa nambieni. Mnatengeneza dawa ya kumzuia DREAM. Mgonjwa ameimeza, imeingia nyumbani. Mtaiambiaje imshike yule wa chumbani tu, isimguse yule wa mlangoni? Umbo lao ni moja.

"Na wale panya? Mbona wao hawakudhurika?"

Umeuliza vizuri, Asha, na hili ndilo gumu kuliko yote. Panya wale walikosa DREAM tangu tumboni. Mwili uliokuwa ukijengwa bila mtu fulani hupata nafasi ya kumgawia mwingine kazi yake, na DREAM ana ndugu watatu wanaofanana naye sana, wenye mikono ile ile. Mgonjwa wa miaka hamsini hana nafasi hiyo. Nyumba yake imemzoea DREAM kwa miaka hamsini, na dawa inamwondoa asubuhi moja. Kwa hiyo mkitaka kujua dawa itafanya nini kwa mtu mzima, msimpime panya aliyezaliwa bila DREAM. Mchukueni aliyekua naye, mmwondolee ukubwani, kisha mtazame kwanza mlangoni, kabla hamjauliza kama maumivu yamepungua.